Eti kompyuta za zamani zilishindwa picha, ndo maana gemu zikawa maneno matupu

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za zamani, Spectrum, Commodore 64, BBC Micro na ndugu zao, hapa Uingereza ninapoishi, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi ni kuokoa gemu za adivencha, zile unazosoma maelezo na kuandika unachotaka kufanya, kutoka kwenye kaseti na diski za watu. Mtu analeta Commodore yake na boksi la diski lililokaa darini miaka thelathini na kitu, nawasha, Zork inaamka, skrini inaandika kwamba uko uwanjani karibu na nyumba nyeupe na kuna sanduku dogo la barua, halafu inakusubiri uandike. Na hapo hapo, kabla hajagusa hata kibodi, nasikia: "Maskini, enzi hizo kompyuta zilikuwa haziwezi picha." Wiki iliyopita nimeisikia mara tatu, ya tatu imetoka kwa shemeji yangu ambaye ananiona nikifanya kazi hii kila siku, nikasema basi leo naandika.

Ziliweza. Apple II ilitoka 1977 ikiwa tayari na picha za rangi. Mwaka 1980 Roberta Williams na mumewe Ken walitoa Mystery House kwa Apple II, adivencha yenye picha kama 70 hivi za mistari, na mwaka huo huo wakatoa Wizard and the Princess, hiyo ikiwa na rangi kabisa. Mwishoni mwa 1980 Zork ya kampuni ya Infocom nayo ikaanza kuuzwa kwa TRS-80, kompyuta nyingine ya nyumbani, muda mfupi baadaye kwa Apple II ile ile, bila picha hata moja. Sasa anayesema mashine ilishindwa anieleze imewezaje kwa kina Williams ikashindwa kwa Infocom, wakati ni mashine moja.

Kilichokuwa haba ni nafasi, na hapa naomba mtu atulie anisikilize kwa sababu hesabu yenyewe ni fupi. Chukua Spectrum ya 48K, yaani memori ya baiti elfu 48 hivi, ya 1982. Skrini yake ni nukta 256 kwa 192, nukta hizo zinakula baiti 6,144, rangi zinakula nyingine 768, jumla 6,912. Hiyo ni picha moja tu ya skrini nzima ukiihifadhi jinsi ilivyo. Maelezo ya chumba kimoja, sentensi tatu nne, ni kama baiti 300, yaani picha moja imekula vyumba zaidi ya ishirini! Na ile 48K yote si yako, ukitoa skrini yenyewe na mambo ya mfumo unabaki na kama 41K, humo humo uweke ramani, vitu, mafumbo, na ile sehemu inayosoma sentensi ya mchezaji. Picha sita za namna hiyo na memori yote imekwisha, huna hata pa kuweka mlango.

Kwa hiyo waliotaka picha walikuwa hawahifadhi picha, walihifadhi maelekezo ya kuichora: anzia hapa, vuta mstari hadi pale, mwaga rangi humu. Roberta Williams alichora kwa kibao cha VersaWriter na programu ya Ken ikawa inakumbuka mistari tu, vinginevyo picha 70 za Apple II zisingeingia kwenye diski moja hata kwa kulazimisha. The Hobbit ya kampuni ya Melbourne House ya 1982 kwenye Spectrum ilifanya vivyo hivyo, ndo maana ukiingia mahali papya unaiona picha ikijichora mbele ya macho yako, mistari kwanza halafu rangi inajaa taratibu. Wateja wananiambia "fundi, hii mashine imechoka, ona inavyochora polepole." Haijachoka, ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Na angalia walioiandika, Philip Mitchell na Veronika Megler, walivyotumia nafasi waliyobakiwa nayo, wahusika wanatembea wenyewe, wanachukua vitu, wanapigana, iwe upo au haupo, na ndo maana ukicheza mara mbili haitoki sawa. Mimi ukiniuliza hicho ndicho kitu kikubwa cha The Hobbit kuliko picha zake zote, lakini watu wanakumbuka picha tu.

Infocom wao waliamua nafasi yote iende kwenye maneno. Zork ilizaliwa chuo cha MIT, Marekani, kati ya 1977 na 1979 kwenye PDP-10, kompyuta kubwa ya chuo, na ilifika kama megabaiti moja, wakalazimika kuikata vipande vitatu ili iingie nyumbani kwa watu. Hata kipande kimoja hakikuenea kwenye memori, kwa hiyo gemu inasoma kurasa kutoka kwenye diski wakati unacheza, kile kitaa cha drevu ya diski kinachowaka katikati ya mchezo ndo hicho, usiniletee ukisema drevu inasumbua. Na walijivunia uamuzi wao, walikuwa na tangazo lenye picha ya ubongo, kwamba picha zao zinaonekana humo. Mnunuzi wa 1983 alijua anachonunua.

Sisemi picha ni kitu kibaya. King's Quest ya 1984 ilikuja na mtu anayetembea kwenye skrini, Maniac Mansion ya 1987 ikaweka vitenzi vya kubonyeza chini ya picha, na hiyo ilianzia kwenye Commodore 64 hiyo hiyo wanayosema haiwezi. Diski na memori zilivyokua soko likafuata picha, Activision wakainunua Infocom 1986 na kufikia 1989 wakaifunga. Ila kushindwa sokoni mwaka 1989 si ushahidi kwamba mwaka 1980 mashine ilikuwa haiwezi, haya ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku.

Nyingine, eti zilikuwa zinaelewa maneno mawili tu. Baadhi, ndiyo. Adventureland ya Scott Adams ya 1978 iliingia kwenye TRS-80 ya 16K, inataka kitenzi na jina, na inasoma herufi tatu za mwanzo tu za kila neno. Lakini Zork inajua maneno zaidi ya 600 na unaiandikia sentensi nzima, muue jitu kwa upanga, chukua vyote isipokuwa taa, inafanya. Ukiandika neno moja moja kama mtu anayeogopa usiilaumu gemu.

Eti ilikuwa kazi ya waandishi wa programu peke yao. The Quill ya Gilsoft, 1983, programu ya kutengenezea adivencha, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejua kuandika programu, unajaza vyumba na vitu, unaweka masharti, umepata adivencha yako, na nyingi za namna hiyo ziliuzwa madukani.

Eti zimekufa. Inform, programu ya kutengenezea gemu za maandishi, imekuwepo tangu 1993, inatengeneza gemu zinazokwenda kwenye mashine ya kufikirika ya Infocom, yaani programu inayojifanya kompyuta, na mashindano ya gemu za maandishi yanafanyika kila mwaka tangu 1995. Hii hata sibishani nayo.

Ya kaseti lazima niiseme kwa sababu inapoteza vitu kabisa. "Fundi, kaseti imeshafutika, nilitaka kuitupa." Usitupe! Mara nyingi kaseti ni nzima, kilichokufa ni mkanda wa mpira ndani ya redio kaseti, umelegea au umeyeyuka, au kichwa cha kusomea kimepinda kidogo au kimejaa uchafu. Safisha kichwa kwa spiriti na pamba, halafu chukua bisibisi ndogo, play kaseti huku unazungusha taratibu ile skrubu ya pembeni ya kichwa mpaka sauti isikike kali na safi, ikiwa nzito kama inatoka chini ya blanketi bado hujafika. Kwenye Spectrum ukiona mistari myekundu na samawati imetulia halafu inageuka ya bluu na njano umefika, kaa dakika nne tano isome. Zima Dolby, ile ya kupunguza kelele za kaseti, rekodi kwenye kompyuta ya leo kama WAV, usiniletee MP3 iliyobanwa mpaka imechakaa, na ikikataa jaribu upande mmoja tu wa stereo, kushoto au kulia.

Halafu makaratasi. Kuna baba mmoja aliniletea diski ya Starcross, gemu nyingine ya Infocom, kwenye mfuko wa nailoni, analalamika gemu ni mbovu, chombo kinamuuliza kiende wapi naye hana jibu. Jibu liko kwenye ramani iliyokuwa ndani ya boksi, boksi alilitupa alipohama nyumba. Deadline, gemu ya upelelezi ya Infocom ya 1982, ilianza utamaduni huo, ndani kulikuwa na jalada zima la polisi, mahojiano, ripoti ya maabara, hata vidonge, kwa sababu hayo yote yasingeenea kwenye diski. Ni ile ile habari ya nafasi, kilichokosa pa kukaa kwenye diski kimekaa kwenye karatasi. Kwa hiyo ukija kwangu njoo na boksi lote, na karatasi zake zote, hata zile zilizochanika.