Je, wajua kwa nini jeshi lililoivunja Uajemi lilikwama Nubia?

Kuanzia mwaka 636 hadi 642, majeshi ya Waarabu yaliwapiga Warumi wa Mashariki kule Yarmuk, yakaivunja Uajemi, yakaichukua Misri. Kisha yakaufuata Mto Nile kuelekea kusini, yakaingia Nubia, kaskazini mwa Sudan ya leo. Yalijaribu mara mbili, karibu mwaka 642 na tena 652, na mara zote mbili ufalme wa Makuria uliotawala huko ulibaki na mfalme wake. Ukipima nguvu kwa kuhesabu dola zilizoangushwa, hutaelewa. Anza na upinde.

Wamisri wa kale waliiita Nubia Ta-Seti, yaani Nchi ya Upinde. Kwenye kaburi moja la Asyut, Misri, la miaka kama 2000 KK, kulikutwa sanamu za mbao za wapiga mishale 40 wa Kinubi wakitembea kwa safu. Herodotus, katika karne ya 5 KK, aliandika kuwa pinde za watu wa kusini mwa Misri zilifika dhiraa 4, karibu mita 1.8, kimo cha mtu mzima. Makaburi ya karne za Meroe, ufalme wa kale wa Nubia, yana pete nene za jiwe za kuvaa kwenye gumba. Upote ukivutwa kwa gumba tupu hukata nyama. Pete huikinga, na mtu huweza kuvuta upinde mzito siku nzima.

Sasa mtazame askari aliyesimama mbele ya upinde huo. Mwenye uwezo amevaa deraya ya pete za chuma na chapeo, mkononi ana ngao. Mshale wa mbali unaweza kuishia kwenye chuma. Lakini ngao akiipandisha haoni mbele, akiishusha macho yanabaki wazi. Wanubi walilenga hapo hapo. Al-Baladhuri, mwanahistoria wa karne ya 9, amepokea habari za mpiganaji mkongwe aliyekuwepo: Mnubi alimwuliza adui kwa sauti amchome wapi, akitajiwa mahali hakosi. Wengi walirudi Misri wakiwa na jicho moja, na Waarabu wakawapa Wanubi jina la rumatul hadaq, wapiga mishale wa mboni. Majeruhi wa jicho hafi papo hapo. Huongozwa, hulishwa, hurudishwa nyumbani, na wenzake wanamwona kila siku.

Nchi nayo ilisaidia. Kutoka Aswan, kusini mwa Misri, hadi Dongola, mji mkuu wa Makuria, kuna maporomoko ya mto yanayozuia mashua, na ardhi ya kulima ni ukanda mwembamba kandoni mwa maji. Jeshi kubwa halipati chakula njiani. Farasi wanaozoea kuzunguka ubavu wa adui wanabanwa kati ya mto na jangwa.

Ila upinde una kasoro zake. Podo huishiwa mishale, na mshale hauvunji kuta kama jiwe la mtambo wa kurusha mawe. Mwaka 652 Abdallah ibn Saad aliuzingira mji wa Dongola, mawe ya mitambo yake yakabomoa kanisa lake kuu. Hata hivyo hakuuteka mji. Pande zote mbili zilikuwa zimeumia, zikakubaliana mkataba ulioitwa baqt: Wanubi watoe watumwa 360 kila mwaka, nao wapelekewe nafaka na nguo kutoka Misri. Tusilipambe jambo hili, amani hiyo ililipiwa kwa watu. Lakini kiti cha enzi cha Dongola kilidumu mikononi mwa Wakristo hadi karne ya 14.

Huko Qasr Ibrim, ngome ya Wanubi kandoni mwa Nile, ilikutwa barua ya mwaka 758, gavana wa Misri akimlalamikia mfalme wa Nubia kuwa baqt hailetwi kama ilivyoagizwa: wanaofika ni wenye jicho moja, viwete, wazee dhaifu na watoto.