Ujumbe wa kuthibitisha kutoka katika kozi ya mtandaoni

Ujumbe wa kuthibitisha kutoka ni kisanduku kidogo kinachojitokeza kwenye skrini pale mwanafunzi anapobonyeza kitufe cha kutoka kabla ya kumaliza kozi, kikamuuliza kama kweli amekusudia kuondoka. Faida yake huonekana zaidi kwenye simu, ambako vitufe hubanana na kidole huteleza kwa urahisi, na mwanafunzi wa Gulu au Mbarara, Uganda, aliyenunua bando kwa fedha zake hapaswi kulipa mara mbili kwa somo lilelile.

Mwenye kutengeneza kozi akiweka kitufe chake mwenyewe cha kutoka, anaweza kuandika maneno anayoyataka. Mwanafunzi akifunga kivinjari moja kwa moja, mambo hubadilika, kwa kuwa anayeuliza hapo ni kivinjari, nacho hutumia maneno yake ya jumla. Chrome, kwa mfano, iliacha kuonyesha maneno ya mwenye tovuti mwaka 2016, baada ya walaghai kuyatumia kuwatisha watu. Kwenye simu onyo hilo mara nyingi halitokei kabisa.

Kwa maoni yangu, swali lenyewe ni nusu tu ya kazi, na nusu iliyo kubwa ni kuhifadhi. Kozi nyingi hufungashwa kwa kanuni za SCORM, zinazoiwezesha kozi kuwasiliana na mfumo wa mafunzo unaoiendesha, ambazo toleo lake la 1.2 lilitoka mwaka 2001 na bado linatumika katika mifumo kama Moodle, ambao ndio msingi wa MUELE, jukwaa la mafunzo la Chuo Kikuu cha Makerere. Katika toleo hilo, kozi huuarifu mfumo mwanafunzi amefika wapi, hutunza kumbukumbu zake katika nafasi isiyozidi herufi 4,096, kisha hutaja kama ameahirisha somo au ameondoka tu. Kozi isipotaja kwamba ameahirisha, mfumo unaweza kumfungulia upya kutoka mwanzo, hata kama aliulizwa kwa adabu zote. Tena umeme ukikatika hakuna kisanduku kitakachotokea, na ndiyo maana inafaa kozi ihifadhi kila ukurasa unapogeuzwa, bila kungoja mtu abonyeze kutoka.

Maneno nayo yachaguliwe kwa uangalifu. “Una uhakika?” humwacha mwanafunzi gizani, kwa sababu hajui atapoteza nini. Ni afadhali kuandika: “Majibu yako yamehifadhiwa hadi Sehemu ya 3. Ukirudi utaendelea kuanzia hapo,” ikiwa ndivyo ilivyo kweli, na vitufe viitwe “Endelea na somo” na “Toka” badala ya “Ndiyo” na “Hapana”, ambavyo humlazimu msomaji kurudia swali ili ajue anakubali nini. Aliyekwisha kumaliza kozi yote hana haja ya kuulizwa, aachwe atoke.