Maji Yatafungwa: Tangazo Ambalo Mkazi Anaweza Kulifanyia Kazi

"Wakazi wote mnatangaziwa kuwa kesho kutakuwa na matengenezo ya mfumo wa maji. Samahani kwa usumbufu. Uongozi."

Tangazo la namna hii hubandikwa kila siku kwenye majengo ya nyumba za pamoja, na halimsaidii mtu. Kesho ipi? Karatasi haina tarehe, na anayeisoma Jumatano hajui kama ilibandikwa juzi au leo asubuhi. Maji yatakatika kabisa au yatapungua? Jengo zima au upande mmoja? Mtu ajaze ndoo ngapi? Na huyo "Uongozi" anapatikana kwa namba gani maji yakichelewa kurudi?

Mimi hupima kila tangazo kwa swali moja: mkazi akimaliza kulisoma, anajua afanye nini ndani ya nyumba yake? Msimamizi wa jengo anafikiria pampu, tangi na valvu. Mkazi anafikiria koki yake, choo chake na mtoto anayepaswa kuoga kabla ya shule. Tangazo liandikwe kutoka upande wa mkazi. Nitatumia mfano wa kufungwa maji kwa sababu ndilo jambo linalogusa kila mlango. Ukiliweza hilo, la lifti na la kupaka rangi ngazi hayatakushinda.

Hivi ndivyo ninavyoliandika:

MAJI YATAFUNGWA
Nyumba zinazohusika: zote zenye namba inayoishia na 3 au 4, ghorofa 1 hadi 9
Lini: Jumanne 14 Oktoba 2025, saa 3 asubuhi (09:00) hadi saa 8 mchana (14:00)
Sababu: kubadilisha valvu inayovuja kwenye bomba kuu la mkondo B
Fanya hivi: weka akiba ya maji kabla ya saa 3 asubuhi. Funga koki zote. Zima hita ya maji.
Taarifa ijayo: saa 6 mchana (12:00), kwa SMS
Maswali: namba ya zamu (iandike kwa tarakimu kubwa)
Limebandikwa: 7 Oktoba. Liondolewe: 15 Oktoba

Angalia kwamba "mkondo B", yaani safu ya nyumba zinazolishwa na bomba hilo moja, umeshushwa chini kwenye sababu. Fundi anaujua mkondo B. Mkazi anaijua namba ya mlango wake. Mwenye nyumba ya 503 akisoma "inayoishia na 3" anajua papo hapo kwamba anahusika, na jirani yake wa 506 anaendelea na shughuli zake. Kumtangazia asiyehusika nako ni kosa, kwa kuwa baada ya matangazo matano yasiyomgusa, la sita hatalisoma, na huenda ndilo lake.

Maagizo matatu ya kwenye "fanya hivi" yana sababu, na ni vizuri anayeandika azijue ili asiyakate karatasi ikijaa. Koki: maji yakiwa yamekatika, mtu hufungua, haoni kitu, anaiacha wazi na kutoka. Saa nane maji yanarudi, sinki limezibwa na vyombo, na baada ya muda dari ya jirani wa chini inachuruzika. Hita: ile ya tangi ikiishiwa maji kwa kurudi nyuma kwenye bomba huku umeme umewashwa, kipashio chake (chuma kinachopasha maji) huwaka kikavu na kuungua. Valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma ingeokoa, lakini usidhani kila nyumba inayo na kwamba inafanya kazi. Akiba ya maji: tangi la choo la kawaida hutumia lita 6 hadi 9 kwa kuvuta mara moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inatosha mara mbili au tatu. Kwa kukatika kwa saa tano, familia ya watu wanne itavuka na ndoo mbili za choo na dumu moja la jikoni. Ukiandika tu "wekeni maji ya kutosha", mmoja atajaza sufuria na mwingine atajaza beseni la kuogea hadi mkondo uishiwe nguvu kabla hata fundi hajafika.

Saa, siku na ghorofa

Hapa ndipo lugha yenyewe inapotutega. "Saa 9" kwa msomaji mmoja ni alasiri, kwa mwingine aliyezoea saa za simu ni asubuhi. Andika zote mbili kama nilivyofanya hapo juu, na usiache kamwe tarakimu ya saa bila asubuhi, mchana, jioni au usiku pembeni yake.

Usiku ni mtego mkubwa zaidi. "Usiku wa Jumanne" kwa wengine ni ule unaotangulia Jumanne, kwa wengine ni ule unaoifuata. Kazi ya usiku wa manane iandikwe hivi: "usiku wa Jumanne 14 Oktoba kuamkia Jumatano 15 Oktoba". Ni ndefu, lakini hakuna atakayekesha usiku usio wake.

Ghorofa nazo hazihesabiwi sawa. Kuna anayeita ghorofa ya kwanza ile ya chini kabisa, na kuna anayeanza kuhesabu baada ya kupanda ngazi. Tumia namba iliyo kwenye kitufe cha lifti, kwa sababu ndiyo namba pekee ambayo wote wanaibonyeza. Na maneno "leo", "kesho" na "wiki ijayo" yafute kabisa. Ujumbe husambazwa na watu siku mbili baadaye, na "kesho" yako inageuka kesho ya mtu mwingine.

Nani anapata taarifa

Kosa linalojirudia: orodha ya namba za simu ni ya wamiliki. Mmiliki anaishi mbali, anapokea SMS kuhusu maji, haimhusu, anaiacha. Mpangaji wake anasimama bafuni na sabuni machoni. Daftari la jengo liwe na safu mbili kwa kila nyumba, ya mmiliki na ya anayeishi humo, na taarifa za kila siku ziende kwa anayeishi humo. Za fedha na mkutano mkuu ziende kwa mmiliki. Za usalama ziende kwa wote.

Ongeza safu ya tatu: je, kuna mtu asiyeweza kushuka ngazi mwenyewe, asiyesikia king'ora, au anayetumia mashine ya tiba ya umeme? Huyo hapelekewi karatasi tu, anapigiwa simu au kugongewa mlango kabla ya kuzima lifti au umeme. Safu hiyo isionekane na yeyote nje ya wale wa zamu, na iulizwe kwa hiari. Daftari lipitiwe kila baada ya miezi mitatu, na kila mpangaji anapohamia au kuhama, maana namba ya aliyehama ni SMS inayokwenda kwa mtu asiyehusika.

Karatasi, SMS na WhatsApp

Karatasi bado ndiyo njia inayomfikia mgeni, msaidizi wa nyumbani na mwenye simu iliyozima. Iwe moja mlangoni pa jengo na moja ndani ya lifti, kwenye kimo cha sentimita 120 hadi 150 kutoka sakafuni ili hata aliye kwenye kiti cha magurudumu aisome. Herufi za maelezo zisipungue pointi 18, kichwa cha habari pointi 40 hivi. Simama hatua mbili nyuma. Ukilazimika kusogea ili usome, punguza maneno, ukuze herufi. Na tangazo la lifti iliyoharibika lisibandikwe ndani ya lifti. Nimeliandika kwa sababu hutokea.

SMS ina kipimo chake: herufi 160, nafasi zikiwemo. Huu una 141:

"Maji yatafungwa mkondo B, ghorofa 1-9, Jumanne 14/10 saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Funga koki zote, zima hita. Taarifa ijayo saa 6 mchana."

Nimeacha "mkondo B" hapa kwa sababu SMS hutumwa kwa namba za mkondo huo peke yake, na hakuna nafasi ya kueleza milango. Ukituma kwa jengo zima, rudisha namba za milango hata kama ujumbe utagawanyika.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui mpaka bili ije. Ukiingiza alama moja isiyo kwenye seti ya kawaida ya SMS, kama kikatuni cha tone la maji, kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70, na ujumbe mrefu hukatwa vipande vya herufi 67. Ujumbe wa herufi 141 unakuwa SMS tatu kwa kila mkazi. Kwetu mkosaji mkuu ni ile alama ya juu ya "king'ora" na "ng'oa". Iliyonyooka haina shida. Iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, inatosha kukuingiza kwenye 70. Andika SMS moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutuma, usinakili kutoka kwenye barua. Baadhi ya mifumo hubadilisha alama hizo yenyewe, ila usiitegemee kabla ya kujaribu kwa namba yako.

Kwenye WhatsApp, tenga vikundi viwili. Kimoja ni cha matangazo, kimefungwa ili wasimamizi peke yao waandike. Kingine ni cha mazungumzo, humo paka aliyepotea na kelele za muziki vina nafasi yake. Tangazo la maji likiwekwa kwenye kikundi cha mazungumzo saa mbili usiku, kufikia asubuhi limezikwa na salamu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile ya kutuma kwa wengi bila kikundi, ina kasoro mbili: haizidi watu 256, na ujumbe haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako kwenye simu yake. Hutaonywa. Utaona umetuma, na nusu ya jengo haijapata. Halafu, usitume picha ya karatasi peke yake: haitafutiki baadaye, na simu ya asiyeona vizuri haiwezi kumsomea. Maandishi kwanza, picha ikibidi.

Ratiba, na kuchelewa

Kwa kazi iliyopangwa: siku saba kabla, siku moja kabla, saa moja kabla, na baada ya kumaliza. Kwa dharura, ujumbe wa kwanza utoke ndani ya dakika kumi na tano hata kama hujui sababu: "Maji yamekatika jengo zima tangu saa 1:20 asubuhi. Fundi yuko njiani. Taarifa ijayo saa 2:30 asubuhi." Inatosha. Ukikaa kimya ukisubiri uhakika, wakazi watajaza pengo hilo wenyewe, na uvumi wa tangi lililoingia panya ni mgumu kuufuta.

Ahadi ya "taarifa ijayo" ndiyo inayobeba uzito wote. Saa 6 ikifika na hakuna jipya, tuma hivyo hivyo: "Valvu imetoka, mpya inafungwa, saa 8 mchana bado ni makadirio yetu." Watu huvumilia kukosa maji kuliko kukosa habari. Na kama saa 8 haiwezekani, liseme saa 7, si saa 8 na nusu. Makadirio yenyewe muulize fundi, kisha ongeza robo yake. Afadhali maji yarudi mapema.

Jaribio la king'ora cha moto lina sheria tofauti kidogo: litangazwe na saa yake, urefu wake kwa dakika, na sentensi isiyokosekana: "kikilia nje ya muda huu, ni kweli, tokeni kwa ngazi." Bila hiyo, kila mlio baada ya hapo watu wataita jaribio.

Fedha huhitaji ukurasa mmoja kwa mwezi: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka kwa mafungu, salio la mwisho, na idadi ya nyumba zinazodaiwa. Idadi, si majina. Orodha ya wadaiwa kwenye lifti inaonekana hadi kwa anayeleta vifurushi, na hugeuza deni kuwa ugomvi, pengine kesi. Mwenye deni aandikiwe barua yake. Kuhusu mkutano mkuu, siku za notisi na akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji) ziko kwenye kanuni za jengo lako na sheria ya mahali ulipo. Zisome kabla ya kuandika tarehe, kwa kuwa uamuzi wa mkutano ulioitishwa kwa siku pungufu unaweza kupingwa na mtu mmoja tu.

Kufunga tangazo

Maji yakirudi, ujumbe wa mwisho una kazi yake: "Maji yamerudi saa 7:40 mchana. Fungua koki ya maji baridi taratibu, acha yatiririke hadi hewa na rangi ya kutu viishe, kisha washa hita baada ya koki ya maji ya moto kutoa maji mfululizo." Kufungua kwa nguvu huku bomba lina hewa kunapiga mabomba kishindo, na kutu inayong'oka hukwama kwenye kichujio cha mdomo wa koki. Nguvu ya maji ikibaki ndogo kwenye koki moja tu, mkazi afungue kichujio hicho akisuuze kabla ya kumpigia fundi. Mwandikie hivyo, utaokoa simu kumi.

Halafu panda na lifti ukabandue. Ubao wenye matangazo ya mwezi uliopita humfundisha msomaji kutotazama. Gundi ya selotepu iliyobaki kwenye mlango wa chuma hutoka kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Usiikwangue kwa kisu.