Je, wajua kwa nini injini moja huuzwa kwa nguvu mbili?

Jumamosi moja, nikisubiri zamu ya gari langu kuoshwa hapa Lubumbashi, niliwasikia vijana wawili wakibishana juu ya picha mbili zilizokuwa katika simu. Ya kwanza ilikuwa ya Porsche 911 Carrera, ya pili ilikuwa ya Carrera S, na kwa macho ya mpita njia magari hayo ni mapacha. Mmoja alishikilia kwamba herufi S ni ujanja wa kumtoza tajiri fedha zaidi kwa injini ile ile, na mwenzake akajibu kwamba matajiri hawakupata mali yao kwa kununua herufi. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

Tuchukue kizazi cha 911 kiitwacho 992, ambacho kilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2018. Carrera ya kawaida na Carrera S zote zina injini ya lita 3.0 yenye silinda sita zilizolazwa tatu kila upande, na turbo mbili. Hata hivyo, mwanzoni ya kawaida ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 385, na S ikiwa na 450. Siri iko katika hewa. Injini haipati nguvu kutokana na ukubwa wa chuma chake, bali kutokana na kiasi cha hewa inachoweza kukiingiza na kukichoma pamoja na esansi, yaani petroli, na turbo ni pampu inayoishindilia hewa hiyo ndani ya silinda. Carrera S ilipewa turbo kubwa zaidi, na kompyuta yake ikapangwa iruhusu mgandamizo mkubwa zaidi. Kwa hiyo kijana wa kwanza hakukosea sana: moyo ni mmoja, ila mapafu yametofautiana.

Je, nguvu hizo 65 za ziada zinaleta nini barabarani? Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, Carrera yenye gia za kujibadilisha hutumia sekunde 4.2, na S hutumia sekunde 3.7. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 293 kwa saa kwa ya kwanza na 308 kwa ya pili. Nguvu imeongezeka kwa karibu asilimia 17, lakini mwendo kwa asilimia 5 tu, na hilo halitokani na uzembe wa mafundi. Katika mwendo mkubwa adui wa gari ni hewa iliyo mbele yake, na nguvu inayohitajika kuipasua hewa hiyo hukua kwa mchemraba wa mwendo, maana yake ni kwamba anayetaka kuongeza mwendo maradufu anahitaji nguvu mara nane. Ndiyo maana kila kilomita ya mwisho katika mizani ya mwendo ni ghali kuliko ile iliyoitangulia.

Nusu ya sekunde, nayo, hupatikana pale tu ambapo matairi yanashika lami. Yeyote aliyeendesha gari Katanga mwezi wa Agosti anajua jinsi vumbi jekundu linavyolala juu ya lami kama unga. Juu ya unga huo matairi huteleza, kompyuta huhisi utelezi na kuipunguzia injini nguvu, na farasi ulionunua kwa bei kubwa hubaki zizini.

Pale ambapo tofauti ya magari haya mawili ni ya kweli, wanunuzi wengi hawapatazami. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na gari linalokimbia zaidi limeundwa pia ili lisimame zaidi. Gari la kilo 1,500, ambao ndio uzito wa 911 hizi kwa kukadiria, likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zake hupokea joto linaloweza kuchemsha chini ya lita mbili za maji yaliyokuwa baridi. Likisimamishwa kutoka kilomita 200, joto halizidi mara mbili bali mara nne, yaani linatosha kuchemsha karibu lita saba, na lote hilo huingia katika diski nne za chuma kwa muda wa sekunde chache. Likirudiwa mara kumi katika uwanja wa mashindano, mafuta ya breki yanaweza kuanza kuchemka, na kanyagio likazama mguuni kama lililokanyagwa kwenye tope. Kwa sababu hiyo Carrera S ilipewa diski za milimita 350 badala ya 330, na kwenye magurudumu ya mbele pistoni sita za kubana pedi badala ya nne. Kama kuna kitu katika S ninachokitamani, ni breki hizo.

Hapo pia lipo jibu kwa wale wanaouliza kwa nini mtu asinunue gari la kawaida, kisha ampe fundi wa kompyuta alipandishe nguvu kwa saa moja. Fundi anaweza kubadilisha maagizo ya kompyuta, lakini hawezi kukuza diski kwa kubonyeza kitufe. Utakuwa umemwongezea mbio mtu uliyemwachia viatu vya zamani.

Sasa tuje kwenye jambo linalomhusu mkazi wa mji huu kuliko mkazi wa Stuttgart, Ujerumani, kiwanda cha Porsche kilipo. Diski kubwa na nguvu nyingi huenda pamoja na janti kubwa, yaani rimu ya chuma inayovishwa tairi, na janti ikikua huku kimo cha gurudumu kikibaki karibu vile vile, mpira ndio unaopungua. Tairi la mbele la Carrera ya kawaida huandikwa 235/40 na janti yake ni inchi 19. La S huandikwa 245/35 na janti ni inchi 20. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo. Ukipiga hesabu, ya kawaida ina ubavu wa milimita 94, na S ina milimita 86 hivi. Nyuma, ambako S huvaa janti ya inchi 21, tofauti huzidi sentimita moja. Katika barabara laini sentimita hiyo humpa dereva usukani mwepesi kujibu. Katika barabara zetu za mitaani, baada ya mvua za Januari kuchimba mashimo na kuyafunika kwa maji, sentimita hiyo ndiyo iliyokuwa kati ya shimo na janti. Dodane, yaani matuta ya barabarani, zilizojengwa bila kipimo sizitaji hata kidogo.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo vijana wale hawakuligusa. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 11. Goma, kwenye mita 1,500, upungufu unafika 14. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Injini yenye turbo hufidia kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi, mradi haijafika kikomo chake. Matokeo yake yanachekesha. 911 GT3 ya mwaka 2021, gari ghali kuliko S, ina injini ya lita 4.0 isiyo na turbo na nguvu za farasi 510. Kwa hesabu ya kalamu na karatasi, ikifika hapa kwetu inabakiwa na 450 na kidogo, ambazo ni zile zile za Carrera S.

Mimi, kama ningekuwa na fedha hizo, ningechukua ya kawaida na kuweka matairi mawili ya akiba nyumbani. Anayeweza kulipeleka gari lake katika uwanja wa mashindano, nje ya nchi, ana sababu ya kuchukua S. Lakini katika gari lililokwisha kutumika, herufi iliyo nyuma haithibitishi kitu, kwa maana herufi hubandikwa na hubanduliwa, na Carrera ya kawaida nayo inaweza kuvishwa janti za S. Chuchumaa karibu na gurudumu la mbele, usome namba za tairi, kisha upenyeze macho kati ya mikono ya janti na uhesabu pistoni za breki, tatu kwa kila upande wa diski. Mwombe muuzaji namba ya chasisi, uilinganishe na hati, na ndipo mzungumze bei.