CRP ya njiti mwenye tumbo lililojaa

Njiti mwenye gramu 1,000 ana damu ya mililita 80 hadi 90 hivi mwili mzima. Haifiki hata nusu glasi. Kwa hiyo kabla ya kumchoma kisigino najiuliza kwanza: majibu haya yatabadilisha uamuzi gani?

Ugonjwa unaotusumbua zaidi hapa wodini ni NEC, pale ukuta wa utumbo unapovimba hadi sehemu yake kufa. Mara nyingi huja wiki ya pili au ya tatu, mama akiwa ameshaanza kutulia moyo. Tumbo linajaa na kung'aa, maziwa yanarudi kwenye mpira wa kulishia yakiwa ya kijani, choo kinatoka na damu. Tunasitisha maziwa, tunaanza antibiotiki, tunapiga eksirei, halafu kila mtu anauliza CRP ni ngapi.

CRP ni protini ya damu inayopanda mwili unapopambana na maambukizi au uvimbe. Hutengenezwa na ini, likishaamshwa na interleukini-6, kemikali ya kinga ya mwili. Huchukua saa 6 hadi 12 kuanza kupanda, na kilele chake huja baada ya siku moja na nusu au mbili. Kipimo cha mwanzo kikirudi chini ya miligramu 10 kwa lita, mtoto bado hajasalimika. Narudia baada ya saa 24, kisha tena. Ikibaki chini mara zote na mtoto amechangamka, naanza kutafuta sababu nyingine ya tumbo kujaa, na huenda tukamrudishia maziwa mapema. Ikigoma kushuka licha ya dawa, nawaita madaktari wa upasuaji bila kungoja: pengine kuna usaha umejikusanya, pengine utumbo unaendelea kufa.

Tena CRP haisemi ni kiungo kipi kinachoumwa. Maambukizi ya damu tu, utumbo ukiwa mzima, huipandisha vilevile. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha maambukizi, huwahi kupanda, ila nayo haitofautishi, na siku mbili za kwanza baada ya kuzaliwa hupanda hata kwa mtoto mzima.

Mimi ninachokiogopa zaidi ni kushuka kwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Zikiporomoka chini ya 100,000 kwa mikrolita huku asidi ikipanda kwenye damu, CRP ndogo hainitulizi hata kidogo. Ini la njiti aliyezidiwa linaweza kushindwa kuitengeneza.

Madaktari wa mafunzo wananijua kwa hili: kwenye faili, kando ya kila namba, nataka saa damu ilipotolewa na saa tumbo lilipoanza kujaa. CRP ya 8 isiyo na saa sijui niifanyie nini.