Dirisha la faragha halikufichi kama unavyodhani

Wengi huamini kwamba wakifungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, hakuna anayewaona. Si kweli. Ukilifunga, dirisha hilo hufuta historia na vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huzihifadhi ili kukutambua) kwenye kifaa chako tu. Kampuni inayokuuzia intaneti bado inajua umeunganishwa na tovuti zipi, na tovuti zenyewe zinaiona anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti. Ukiingia kwenye akaunti yako, ndiyo kabisa: umeshajitaja jina mwenyewe! Mwaka 2024 Google, iliyoshtakiwa Marekani tangu 2020, ilikubali kufuta data iliyokusanywa kwa waliotumia dirisha la faragha kwenye kivinjari chake cha Chrome.

Kuhamia vivinjari vya Firefox au Brave kunasaidia, maana huzuia vifuatiliaji vingi, lakini kwa kawaida anwani ya IP hubaki wazi. Kivinjari cha Tor huificha kwa kupitisha mawasiliano katika vituo 3, ingawa kasi hupungua sana.