"Shirika bado ni letu"

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Kilikuwa kikao cha wakazi ambao maji yao yanakaribia kukabidhiwa mwendeshaji mpya, na mzee mmoja akasimama, akasema kwa utulivu kabisa: "Tusihangaike bure. Shirika ni la umma, mto haujauzwa, kila kitu bado ni chetu." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nimezisaidia kamati za wananchi miaka mingi, na hakuna sentensi iliyotuchelewesha mara nyingi kama hiyo. Watu huiamini mpaka siku mkataba unaposainiwa.

Umiliki ni jambo moja, uendeshaji ni jambo lingine, na mapato ni jambo la tatu. Mabomba yanaweza kubaki kwenye hati ya manispaa miaka mia, huku anayeamua nani aunganishiwe maji, bei ipande lini na faida iende kwa nani akiwa mtu mwingine kabisa. Hayo hayamo kwenye hati ya umiliki. Yamo kwenye mkataba wa uendeshaji, na mara nyingi yamefichwa kwenye viambatisho, kule ambako msomaji hufika akiwa ameshachoka.

Tazameni Berlin. Mwaka 1999 jiji hilo liliuza asilimia 49.9 ya hisa za shirika lake la maji kwa kundi la kampuni zikiwemo RWE na Vivendi. Asilimia 49.9! Jiji likabaki na hisa nyingi zaidi, kwa hiyo kwa hesabu ya mzee wetu shirika lilikuwa bado lao. Lakini uongozi wa shughuli ulikwenda kwa wanahisa binafsi, na mikataba ya siri ikawahakikishia faida. Bei ikapanda. Raia walipojipanga, swali walilolipeleka kwenye kura ya maoni halikuwa la bei wala la hisa. Walidai mikataba yote iwekwe hadharani, basi. Tarehe 13 Februari 2011 zaidi ya watu 666,000 wakapiga kura ya ndiyo, karibu asilimia 98 ya kura zilizopigwa. Jiji likanunua tena hisa za RWE mwaka 2012, na zile zilizokuwa mikononi mwa Veolia, mrithi wa Vivendi, mwaka 2013.

Ukiupata mkataba, usitafute neno "faida". Halimo. Tafuta "marekebisho ya ankara", "usawa wa kifedha", maneno ya upole ya namna hiyo. Nenda kwenye kanuni ya kukokotoa bei, kisha uliza: matumizi yakipungua, nani anabeba hasara? Kama mwendeshaji amehakikishiwa mapato, jibu ni wewe. Maana yake ni kwamba mwaka wa ukame, familia zikibana maji kama zilivyoombwa, bei ya kila lita hupandishwa kufidia zile lita ambazo hazikutumika. Halafu uliza maji yanahesabiwa wapi. Yakihesabiwa pale yanapotoka kwenye mtambo wa kusafishia, na si kwenye mita za nyumba, mwendeshaji analipwa hata kwa maji yanayovujia ardhini njiani. Hapo hana sababu ya kuziba bomba hata moja. Nimekaa na watu wazima wenye shahada zao wakakipita kifungu hicho mara tatu bila kukiona, kwa sababu kilikuwa mstari mmoja chini ya jedwali.

Na mto je? Ni kweli, haujauzwa. Kinachotolewa ni kibali cha kuchota maji, na kibali kikubwa kinaweza kuumaliza mto bila mtu yeyote kuwa mmiliki wake. Usiridhike na ujazo ulioandikwa. Uliza kama ni wa siku au ni wastani wa mwaka. Wastani unaingiza mafuriko ya masika ndani ya hesabu ya kiangazi, na samaki hufa kiangazi. Uliza pia kiasi gani lazima kibaki mtoni hata mwombaji akiwa na kiu namna gani, na nani anasoma kipimo. Kama anayechota ndiye anayejipima, andikeni pingamizi siku hiyo hiyo.

Kuhusu haki ya kuomba nyaraka nitapita haraka. Ulaya wana mkataba wa kimataifa wa Aarhus wa 1998, Amerika ya Latini na Karibi wana wa Escazú wa 2018, na nchi nyingi zina sheria zao za taarifa. Mtajibiwa "siri ya kibiashara". Jibuni kwa maandishi: fichani mistari iliyo siri kweli, tupeni iliyobaki. Na saini elfu kumi zilizofika baada ya tarehe ya mwisho ya maoni hazina uzito wa barua moja iliyofika kwa wakati.

Kuna jambo linalonikosesha usingizi. Cochabamba, kule Bolivia, wananchi walisimama imara na mkataba wa maji ukafutwa Aprili 2000. Shirika likarudi kwa umma, lakini vitongoji vingi vya kusini mwa jiji viliendelea kwa miaka kukosa bomba. Paris, kwa upande wake, ilirudisha maji yake kwa umma mwaka 2010 na mwaka uliofuata ikashusha bei kwa asilimia 8. Kwa hiyo siwezi kumwahidi mtu kwamba kumwondoa mwendeshaji kutamletea maji. Naogopa pia kwamba kampeni ya vifungu na viambatisho huwaacha nyuma wanaobeba ndoo, ikabaki mikononi mwa watu wawili watatu kama mimi. Sijapata dawa ya hilo. Siku hizi tunakisoma kila kifungu kwa sauti, ukumbi mzima, hata kikichukua usiku kucha.

Baada ya kikao yule mzee alinifuata na nakala ya rasimu, kurasa zimejikunja pembeni. Tukaifungua juu ya benchi. Kiambatisho cha 4, "Marekebisho ya Ankara", kimetajwa kwenye vifungu vitatu. Tukafunua hadi ukurasa wa mwisho: cha 3, kisha cha 5. Akarudi nyuma, akahesabu tena kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "hiki cha nne tunakiombaje?"

Barua iliandikwa palepale. Saini ya kwanza ni yake.